Darasa la muziki la watoto wadogo na wazazi wao: namna ya kulianzisha mtaani kwako

Nilipoanza kuwafundisha watoto wadogo muziki hapa Tabata, Dar es Salaam, wazazi walikuwa wanawaacha watoto getini, wanakwenda zao sokoni, wanarudi baada ya saa moja. Watoto walifurahi na nyimbo walizishika. Baada ya mwezi mama mmoja akaniuliza, "Mwalimu, huyu akiwa nyumbani anaimba kitu sikielewi, halafu ananikazia macho, nikikaa kimya anakasirika. Ananitaka nini?" Nikamwomba mtoto aimbe. Alikuwa anaimba mstari wa kwanza wa wimbo wetu wa kuitana, ananyamaza, anamsubiri mama yake aitikie. Mama kiitikio hakijui.

Jumamosi iliyofuata niliwaambia wazazi wote: sokoni mtakwenda baadaye, vueni viatu, kaeni mkekani. Tangu siku hiyo sijapokea tena mtoto asiye na mtu wake mzima.

Haya ninayoyaandika ni kwa mwalimu wa awali, mama wa nyumbani, kijana wa kwaya, bibi mwenye sauti, yeyote anayetaka kuanzisha darasa la namna hii mtaani kwake. Cheti cha muziki hakihitajiki. Kinachohitajika ni uvumilivu, mapigo yasiyoyumba, na moyo wa kuwapenda wazazi kama unavyowapenda watoto, maana wazazi ndio watakaokutoa jasho.

Kwanza, elewa kwa nini mzazi lazima awepo

Mtoto husikia akiwa bado tumboni, katika miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito, na anapozaliwa sauti ya mama yake tayari anaitambua. Sauti hiyo haina mshindani. Mimi nikiimba vizuri kiasi gani, mtoto wa mwaka mmoja ataniangalia mara moja, kisha atamgeukia mama yake aone kama naye anaimba. Mama akiimba, mtoto anajua kwamba jambo hili ni la watu wetu. Mama akiwa anachezea simu, mtoto anajua pia.

Kuna hesabu nyingine rahisi. Mimi ninakaa na mtoto dakika 45 kwa wiki. Muda wote uliobaki yuko na watu wa nyumbani. Wimbo usiovuka kizingiti cha nyumba yao umeishia mkekani kwangu.

Wazazi watakuuliza kama muziki unaongeza akili. Wengine wamesikia kwamba mtoto akisikilizishwa Mozart anakuwa na akili nyingi. Waambie ukweli. Maneno hayo yalienea kutokana na utafiti uliochapishwa mwaka 1993 katika jarida la Nature. Waliopimwa walikuwa wanafunzi 36 wa chuo kikuu, hakukuwa na mtoto mchanga hata mmoja, na walichopata ni nafuu ndogo katika maswali ya maumbo iliyodumu dakika 10 hadi 15 tu. Usimuuzie mzazi ndoto hiyo. Yapo mengi ya kweli ya kumwahidi: mtoto anaongeza maneno, anajifunza kusubiri zamu, sikio lake linaanza kuzitenga silabi kabla hajakutana na herufi, na mzazi na mtoto wanapata namna ya kutulizana inayofanya kazi hata umeme ukikatika usiku.

Tafuta familia nane, zisizidi kumi

Kumi zenye mtoto mmoja mmoja tayari ni watu ishirini mkekani, na kila mara atatokea aliyekuja na mapacha au na mdogo mgongoni. Ukizidisha hapo utaanza kupiga kelele, na darasa la muziki linaloendeshwa kwa kelele limeshaharibika.

Umri ninaopokea ni miezi sita hadi miaka mitano, wote pamoja. Wengi hushangaa. Lakini nyumbani watoto hawakai kwa madaraja, mdogo anajifunza kwa kumtazama mkubwa, na mzazi mwenye watoto wawili haumizwi kichwa amwache nani. Madarasa ya mzazi na mtoto yenye umri mchanganyiko yana historia; kule Marekani programu ya Music Together imekuwa ikiyaendesha tangu 1987. Watoto wa miaka sita kwenda juu wakija na wadogo zao, wape kazi: kugawa manyanga, kuyakusanya, kushika mlango.

Siku uichague kwa kuuliza. Jumapili wengi wako kanisani, Ijumaa mchana wengine wako msikitini, Jumamosi Wasabato wako ibadani. Mimi niliuliza nyumba kwa nyumba nikaishia Jumamosi saa tatu asubuhi, kwa sababu katika familia zangu hakukuwa na Msabato. Angekuwepo, tungehamia Jumapili saa kumi jioni. Saa tatu asubuhi ni nzuri kwa hali yetu ya hewa. Ikifika saa tano joto la Dar limeshawachosha, na mtoto mwenye joto na njaa hafundishiki. Wakati wa Ramadhani fupisha kipindi, mkae zaidi kuliko kusimama, maana akina mama wengine wamefunga na usiku hawakulala vya kutosha.

Mahali na ruhusa

Unahitaji kivuli, sakafu unayoweza kuisafisha, na choo karibu. Chumba cha shule ya awali kinafaa, baraza pana linafaa, uwanja wa kanisa au madrasa unafaa ukikubaliwa. Chini ya mwembe kunapendeza, ila andaa mpango wa masika, kati ya Machi na Mei, mvua inaposhuka bila hodi. Wenye nyumba zenye baraza waombe mapema.

Nenda ofisi ya serikali ya mtaa ueleze unachofanya, hata kama ni watu kumi tu. Siku jirani atakapolalamikia ngoma, mwenyekiti atakuwa anajua habari zako. Ukikutana na afisa ustawi wa jamii, mwambie kazi yako inahusu malezi ya awali. Ataielewa, kwa sababu Desemba 2021 nchi ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, inayowahusu watoto wa miaka 0 hadi 8. Kati ya nguzo zake tano, mbili ndizo kazi yetu moja kwa moja: malezi yenye mwitikio na ujifunzaji wa awali. Neno mwitikio nalipenda sana. Ndicho alichokuwa anakitafuta yule mtoto kwa mama yake.

Kumbuka pia kwamba kukaa na watoto bila wazazi wao ni shughuli nyingine kabisa. Hicho ni kituo cha kulelea watoto mchana, na kina usajili wake chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009. Mzazi akikwambia "nakuachia kidogo tu, narudi sasa hivi," mkatalie kwa upole.

Picha usipige bila ruhusa ya kila mzazi. Na ukiona dalili kwamba mtoto anaumizwa mahali, namba ya Huduma ya Simu kwa Mtoto ni 116.

Vyombo: anza na vya jikoni

Ngoma moja ndogo nzuri inatosha darasa zima. Mimi yangu niliinunua Mwenge, kwenye soko la vinyago. Pale pale nilipata kayamba, ile bapa ya matete yenye mbegu ndani. Kayamba ikague kwa kiganja kabla ya kumpa mtoto, matete yaliyopasuka hukata.

Vilivyobaki tengenezeni pamoja. Siku ya pili ya darasa langu huwa ni ya kutengeneza vyombo, na hapo ndipo akina baba wasiopenda kuimba hupata mahali pao. Chupa ya maji ya nusu lita, weka choroko au mchele robo yake, paka gundi kali kwenye kizibo kisha zungushia selotepu mara tatu. Vifuu viwili vya nazi vilivyosuguliwa msasa ukingoni vinatoa mlio wa kwato za punda. Kopo la maziwa ya unga likigeuzwa ni ngoma, na mwiko uliokatwa mpini ni kipigo chake.

Hapa naomba usilegeze kamba. Choroko moja ikidondoka mkekani, simamisha wimbo, iokote. Watoto hawa wanaweka kila kitu mdomoni, na wengine puani na masikioni. Kila kipindi, kabla hawajafika, kung'uta kila chupa uone kama kizibo kimelegea. Baada ya kipindi, osha vyote kwa maji na sabuni, anika juani.

Suala la ala linahitaji adabu. Wapo wazazi ambao kwa imani yao hawapendi ala za muziki isipokuwa dufu, na wengine hata hilo hawalitaki. Usibishane nao wala usiwahubirie. Mikono, miguu, mapaja na midomo ni ngoma ya kutosha. Nimewahi kuendesha msimu mzima kwa makofi na dufu moja, na haukupungukiwa kitu.

Spika iache nyumbani. Muziki wa spika haumsubiri mtoto. Mtoto wa miaka miwili anachelewa nusu mstari, anahitaji mtu wa kumwangalia usoni na kupunguza mwendo. Kisha masikio yao ni madogo. Ikiwa inabidi uinue sauti ili mtu aliye karibu yako akusikie, muziki huo umewazidi.

Nyimbo: waulize wazazi

Mwaka wa kwanza nilihangaika kutafuta nyimbo mtandaoni. Nikapata za Kiingereza tele, za theluji na za mashamba ya watu wengine. Wazazi wengine wanazitaka, wanaamini mtoto akiimba Kiingereza mapema atafaulu usaili wa shule. Nawaeleza kwamba Kiingereza kitakuja, kina walimu wengi. Lugha ambayo bibi yake anabembelezea haina mwalimu mwingine hapa mjini.

Dar es Salaam ni mji wa waliokuja. Katika familia kumi nilizonazo sasa wapo Wazaramo wenyeji, Wahaya, Wanyakyusa, Wasukuma, Wagogo, mama mmoja kutoka Pemba. Kila mmoja ana wimbo wa kubembelezea alioimbiwa, na karibu kila mmoja atakwambia ameusahau. Hajausahau. Wape kazi ya nyumbani: mpigie simu mama yako, bibi yako au shangazi, umwombe akuimbie. Mama mmoja alipiga simu Muleba akiwa hapa hapa mkekani, akaweka sauti kubwa, bibi akaimba. Mtoto wake wa mwaka na nusu, ambaye bibi huyo hajawahi kumwona, alitambaa hadi kwenye simu akaweka shavu juu yake. Wimbo ule sasa tunaujua wote, pamoja na Wazaramo.

Namna hii ina wakubwa waliotangulia. Zoltán Kodály wa Hungary, aliyefariki 1967, alijenga ufundishaji wake wa muziki juu ya nyimbo za kienyeji za nchi yake, akishikilia kwamba mtoto aanze na lugha ya muziki wa nyumbani kama anavyoanza na lugha ya mama. Carl Orff wa Ujerumani aliwaanzisha watoto kwa maneno, makofi, na ala za mbao zinazogongwa zenye undugu na marimba. Sisi hayo yote tulikuwa nayo tayari. Wagogo wa Dodoma wanasifika nje ya mipaka kwa kuimba sauti nyingi pamoja, na Hukwe Zawose, aliyefariki 2003, aliutembeza muziki huo duniani akiwa na zeze na ilimba, ala ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba. Ukitaka kujifunza ngoma kwa dhati, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo si mbali, kama kilomita 70. Na Kijiji cha Makumbusho kiko hapa hapa Kijitonyama. Wapeleke wazazi na watoto mara moja wakaone ngoma zikichezwa mbele ya nyumba za jadi.

Nyimbo za dini ziache nyumbani na ibadani. Mchanganyiko wetu ni mkubwa, na kaswida au pambio likianza kuna mtu atakayenyamaza. Kuhusu singeli na bongo fleva: watoto watakuja nazo, maana ndizo zinazopigwa mtaani kutwa. Mdundo wa singeli ni mali ya mji huu, wala siuogopi, ila unakwenda mbio kuliko miguu ya mtoto wa miaka miwili. Tunaupunguza mwendo, maneno ya wakubwa tunayatoa, tunaweka yetu kuhusu ndizi na bajaji. Watoto hawajali.

Nyimbo nane zinatosha msimu wote wa wiki nane. Usilete mpya kila wiki. Mtoto anapenda kinachorudi.

Unapoimba, panda juu kidogo kuliko unavyoongea. Sauti ya mtoto ni nyembamba, na baba akianzisha wimbo chini kabisa mtoto hana pa kuushikia. Mwachie mama mmoja aanzishe, baba afuate kwa sauti nyepesi.

Kipindi chenyewe, dakika 45

Tunaanza kwa kuitana. Nakaa chini mlangoni, na kila anayeingia anaimbiwa jina lake:

*Nani kaja? Nani kaja?*
*Zawadi kaja, karibu mkekani!*

Unabadilisha jina tu. Usiruke mtoto hata mmoja, na usiruke mzazi wala dada aliyemleta. Mtoto aliyejificha nyuma ya kitenge cha mama yake muimbie huko huko alipo, usimvute.

Kisha michezo ya mapajani, kama dakika kumi. Mzazi ananyoosha miguu, mtoto anakaa mapajani akitazama mbele, na tunasafiri kwa daladala. Mimi ni konda, nina kopo lenye sarafu ndani lililofungwa kabisa. Nalitikisa, wote wanaimba:

*Gari linaondoka, shika bomba,*
*Gari linaondoka, shika bomba,*
*Kushoto, kulia, kushoto, kulia,*
*Konda kagonga... shusha!*

Kwenye "kushoto, kulia" mzazi anamyumbisha mtoto. Kwenye "konda kagonga" nagonga ubao mara mbili, na wote wanaganda. Kimya kabisa. Hapo kabla ya "shusha" ndipo penye somo. Mtoto anajifunza kujizuia, mwili unataka kwenda na yeye anausubirisha. Mara ya kwanza kimya kinadumu sekunde moja. Wiki ya sita watoto wa miaka minne wanakaa kimya mpaka wazazi ndio wanaoshindwa, wanacheka. Usiharakishe kimya hicho. Ukiniuliza ni kitu gani kimoja nisingekitoa katika darasa hili, ni hicho.

Baada ya hapo tunasimama: kutembea kama tembo, kunyata kama paka wa jikoni, kuruka, kuzunguka duara. Ambao hawajatembea wanabebwa, na mwili wa mzazi ndio unaowapa mapigo.

Kisha vyombo. Kila mtoto chombo kimoja na kila mzazi kimoja. Wape dakika mbili za fujo kwanza, wapige wapendavyo, maana hawatasikia lolote mpaka hamu hiyo iishe. Halafu anza mapigo yako taratibu bila kusema kitu. Watakufuata mmoja mmoja. Asiyefuata mwache.

Hapo hapo ndipo tunapopiga silabi, na Kiswahili kimetupa bahati kubwa. Silabi zetu zinasikika wazi, mtoto anaweza kuzipigia makofi kabla hajajua kwamba zipo. Cha-pa-ti, makofi matatu. Da-la-da-la, manne. Ki-ga-mbo-ni, manne. Kisha wape yenye utamu. M-to-to ni makofi matatu, kwa sababu ile "m" ya mwanzo inasimama peke yake. M-bu ni mawili. Mbu-zi nayo ni mawili! Mzazi mmoja alinibishia, akasema mbu ni moja. Nikamwambia aite polepole kama anayemfukuza usiku, akasikia mwenyewe "mm" inavyokaa kabla ya "bu". Mtoto aliyezoea mchezo huu akifika darasa la kwanza, kusoma kwake kwenye KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) hakuanzi na giza. Ameshazigusa silabi kwa mikono.

Dakika tano za mwisho ni za bembea, yaani nyimbo za kubembelezea. Vyombo vimekusanywa, taa imezimwa kama ipo, mzazi anamlaza mtoto kifuani, na mmoja wao anaongoza wimbo wa kwao. Hata mtoto wa miaka mitano anayejiona mkubwa atalala kifuani siku hiyo, kwa kuwa wenzake wote wamelala. Nimeona akina baba wakitokwa machozi hapa. Waache.

Tunaagana kwa majina kama tulivyoanza. Kuna uji kwa anayetaka, wazazi wanapokezana kuupika.

Watoto wasioimba, na wanaohitaji kuangaliwa zaidi

Mtoto wa miaka miwili anaweza kukaa wiki tano bila kufungua mdomo. Anatazama tu. Mama yake ataona aibu na kuanza kumsukuma, "imba basi, wenzako wanaimba." Mzuie. Muulize: nyumbani je? Mara nyingi utaambiwa nyumbani anaimba bafuni, anaimba kwenye bajaji, anamfundisha mdoli. Anajifunza kwa macho na anaifanyia kazi nyumbani. Ndiyo maana mzazi lazima awe anazijua nyimbo, yeye ndiye pekee atakayesikia.

Mtoto asiyesikia vizuri aweke viganja juu ya ngoma ukiipiga, au akae mgongo wake ukiegemea kifua cha mama anayeimba. Mapigo yanapita mwilini. Mtoto mwenye usonji huenda akazidiwa na makelele ya vyombo. Mwekee mkeka wake pembeni na umruhusu kutoka na kurudi. Na ukiona mtoto ambaye hageuki hata ukigonga ngoma nyuma yake, zungumza na mzazi faragha, umshauri aende hospitali apimwe masikio. Usitoe hukumu yako mbele za watu.

Wazazi wagumu

Simu kwanza. Nina ungo mlangoni. Kila simu inalala kwenye ungo, na yangu ya kwanza. Anayesubiri simu ya lazima ananiambia, tunaiweka karibu. Mwanzoni walinung'unika sana, wengi walitaka kurekodi video ya mtoto. Nikawaahidi kwamba mwisho wa kila kipindi nitarekodi wimbo mmoja kwa sauti tu na kuutuma kwenye kundi la WhatsApp. Sauti haili bando kama video, na mzazi anaweza kuisikiliza akiosha vyombo. Video watu huangalia mara moja wakaisahau.

Aibu ndiyo ngumu zaidi. Mtu mzima aliyewahi kuambiwa shuleni kwamba hajui kuimba hubeba maneno hayo miaka thelathini. Usimwite mbele. Mwanzishie wimbo wa kuitikia wenye kiitikio cha neno moja, aanze na hilo. Mwambie jambo ambalo ni kweli tupu: mtoto wake hajawahi kusikia sauti nzuri kuliko yake.

Akina baba waalike kwa jina na kwa kazi. "Baba Zawadi, wiki ijayo naomba ushike ngoma." Wakishika ngoma wanakuja. Kazi yako itakuwa kuwazuia wasiipige kwa nguvu kuliko watoto, na siku moja moja kuwapokonya ngoma ili nao waimbe.

Mara nyingi mtoto ataletwa na dada wa kazi kwa sababu wazazi wako kazini au kwenye foleni. Mpokee kama mzazi. Yeye ndiye anayekaa na mtoto kutwa, yeye ndiye anayemwogesha. Baadhi ya nyimbo nzuri kuliko zote tulizo nazo zimeletwa na mabinti hawa kutoka kwao Iringa na Singida, na nilitamani waajiri wao wangekuwepo kuwasikia. Ila kubaliana na mzazi kwamba angalau mara moja kwa mwezi aje mwenyewe.

Nyimbo zikaishi nyumbani

Usiwaambie wazazi "muwaimbie watoto nyumbani." Hakuna atakayefanya, siku imejaa. Funga kila wimbo kwenye jambo ambalo tayari linafanyika: wimbo mmoja wa kuoga, mmoja wa kusuka nywele, mmoja wa kusubiri uji upoe, mmoja wa foleni, mmoja wa umeme kukatika. Kila Jumamosi tunaanza kwa kuulizana wimbo gani ulitumika wapi. Mama mmoja alisema wimbo wa daladala umemsaidia siku walipokwama Buguruni zaidi ya saa moja, abiria wawili wakaitikia.

Ada

Toza kidogo, lakini toza. Nilipofanya bure mahudhurio yalikuwa ya kusuasua. Sasa kila familia inatoa shilingi 2,000 kwa kipindi, nyingi zinakwenda kwenye uji, sabuni na selotepu. Asiyenazo anapika uji.

Wiki ya nane

Wazazi watataka onyesho, na sare, na jukwaa. Mimi nakataa. Nimehudhuria sherehe ya kufunga mwaka ya kituo kimoja ambapo watoto wa miaka mitatu walipandishwa jukwaani saa saba mchana, spika zikiwa nyuma ya vichwa vyao, wakachezeshwa nyimbo za wakubwa huku nusu yao wakilia na wazazi wakirekodi. Sijalisahau hilo.

Badala ya onyesho, wiki ya nane wazazi ndio wanaoongoza kipindi. Wiki ya saba wanagawana: mmoja mlangoni kuitana majina, mmoja konda, mmoja silabi, mmoja bembea. Mimi nakaa mwisho wa mkeka na mtoto yeyote atakayekuja mapajani, siongozi chochote, hata wakikosea. Watakosea. Watachanganya mistari, wataanza chini mno, konda atasahau kugonga.

Msimu uliopita aliyeomba kuwa konda ni yule mama aliyeniuliza mtoto wake anamtaka nini. Aligonga ubao mara mbili, akanyamaza, na akakishika kile kimya muda mrefu kuliko ninavyothubutu mimi, mpaka mwanawe, aliyekuwa mapajani kwangu, akashindwa kuvumilia akamwitikia: "Shusha!"

Baada ya hapo waachie mkeka na kopo la sarafu, muulizane nani ana baraza kavu kwa Jumamosi inayofuata.